Fimbo Ndani ya Tanki

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu mkuu, kwa hiyo nimezoea kunusa watu. Msinicheke. Mwalimu wa darasa la kwanza asiyetumia pua yake hawezi kujua nani amelala bila kuoga, nani amekojoa kitandani akaogopa kusema, nani ana kidonda kilichofungwa kwa kitambaa kichafu. Nilikuwa nikipita katikati ya madawati asubuhi nikiangalia kucha, shingo na kola, huku pua ikifanya kazi yake kimyakimya. Walimu wenzangu walinitania kwamba mimi ni mtu wa sabuni, nami sikukataa. Mama yangu alikuwa akifua mpaka matambara ya kushikia sufuria na kuyaanika kwenye kamba kama nguo za kanisani. Nimerithi kwake.

Nayasema haya ili muelewe kwa nini kilichonipata Eldoret kilinikata maini. Mimi, mtu wa sabuni, nilikaa kule siku nyingi nikiamini kwamba ninanuka. Si kunuka jasho, hilo mtu huoga likaisha. Niliamini kwamba mwili wangu unaoza chini ya nguo, na kwamba kila anayenikaribia anajua lakini ananistahi.

Leo najua kwamba kilichokuwa kikinuka ni maji. Kilichosababisha ni fimbo ya madini inayokaa ndani ya tanki la kupashia maji, fimbo ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa tangu lile tanki lifungwe pale. Lakini kujua leo hakuifuti aibu ya siku zile. Hata sasa ninapoandika, masikio yananiwaka moto.

Nilikwenda Eldoret kufanyiwa upasuaji. Wanawake wa rika langu wataelewa nikisema ni ule wa chini ya kitovu, wa kutoa kitu ambacho kilishamaliza kazi yake zamani na sasa kinaleta fujo. Hospitali kubwa iko huko, na binti yangu anaishi huko, mtaa wa Elgon View, pamoja na mume wake. Binti yangu ni wakili. Mume wake ni mhandisi wa maji. Visima na pampu ndiyo kazi yake, leo yuko Soy, kesho yuko kwingine. Yeye ni mtu wa huko huko milimani, kwao ni upande wa Kaptagat, mrefu, mpole, mtu wa kufikiria neno kabla halijamtoka mdomoni. Watoto wao wako shule za bweni, kwa hiyo nyumba ile kubwa ina watu wawili tu.

Sasa kuna desturi. Kwetu sisi watu wa ziwani, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, na jambo hilo halina mjadala. Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Husalimiana wakiwa wameachiana nafasi, hawakai kochi moja, na mambo ya mwili, ya kulala, ya kuoga, hayatajwi kati yao hata kwa bahati mbaya. Wakati wa mahari kaka zangu walimkalisha kijana wa Kaptagat wakamfunza haya yote, huku wakimtania kwamba baadaye atafanyiwa mtihani. Yeye hakujua ni utani. Aliyashika kuliko vijana wetu wenyewe, ambao siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao harusini mbele ya kamera.

Daktari aliposema nisirudi nyumbani mara moja, nikae karibu mpaka anione tena, atoe nyuzi na anipe majibu ya kile alichokipeleka maabara, binti yangu alinitandikia chumba cha wageni ghorofani. Nilikataa hata kukiangalia. Nyuma ya nyumba kuna eskyu, zile nyumba ndogo ambazo wenye nyumba za Elgon View huwajengea wafanyakazi. Mama anayewasaidia kazi huja asubuhi na kurudi kwake jioni, kwa hiyo eskyu ilikuwa imejaa makatoni na baiskeli za wajukuu. Nikasema nitakaa pale, kwa sababu ina paa lake. Binti yangu alilia. Aliuliza majirani watasema nini wakisikia wakili amemweka mama yake mahali pa mfanyakazi. Nilimwambia majirani hawakuwapo tulipopokea ng'ombe wa mahari yake.

Mkwe wangu alitoa makatoni, akapaka rangi, akabadilisha kitasa, akaleta kitanda kisicho juu sana ili nisijikaze nikipanda. Tanki la maji moto lilikuwapo tayari, limesimama wima ndani ya stoo inayopakana na bafu, la duara, jeupe, linanifikia begani. Aliwasha swichi, taa nyekundu ikawaka, akaridhika. Nyumba kubwa wanatumia maji ya mji na shawa za umeme zinazopasha papo hapo. Eskyu inavuta maji ya kisima kilichochimbwa pale uani, na hakuna aliyekuwa ameyaoga yale ya moto kwa muda mrefu. Yalikuwa yamelala tu ndani ya tanki. Mimi sikuyajua hayo, na yeye, pamoja na elimu yake yote ya maji, hayakumpitia akilini.

Siku ya kutoka hospitali muuguzi alinieleza namna ya kutunza kidonda. Nioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, nikaushe kwa kugusagusa, nisisugue. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nikisikia harufu mbaya nirudi haraka. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Neno hilo moja nililibeba mpaka Elgon View.

Ilikuwa miezi ile ambayo Eldoret hujua kuwa baridi, ukungu umekaa juu ya majani mpaka mchana, na mtu kutoka ziwani anajiuliza wenyeji walikosea nini mpaka wakapewa hewa ya namna hii. Nilifurahi kuona mvuke ukipanda kutoka kwenye ndoo. Nikavua, nikajimwagia kikombe cha kwanza, na harufu ikanipiga usoni. Yai bovu. Lile ambalo kuku ameliatamia bure na wewe ukalikanyaga kwenye majani. Nilisimama na kikombe mkononi. Nikashusha macho kwenye mshono, ambao ulikuwa mkavu na safi. Lakini pua haikuwa inadanganya, na pua yangu nimeiamini kuliko macho tangu nilipoanza kazi.

Nilijisafisha upya. Harufu ikazidi. Nikamwaga ndoo, nikachota nyingine ya moto zaidi, ikazidi tena. Huo ndio ulikuwa ukatili wa jambo lenyewe: kadiri nilivyooga ndivyo nilivyonuka. Nikishamaliza, nikivaa, nikifungua dirisha, ilikuwa inafifia, nami nilijiambia kwamba imefunikwa tu na nguo. Nilianza kuoga asubuhi, mchana na jioni. Nilivaa sketi mbili. Nilijipaka poda mpaka kitanda kikawa cheupe. Nikiwa peke yangu nilikuwa nainamisha kidevu ndani ya blauzi na kuvuta pumzi, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikurudi hospitali haraka kama nilivyoagizwa. Nimejiuliza pia. Jibu ni kwamba niliona aibu, basi. Niliona aibu ya kupanda kwenye gari la binti yangu na kufunga milango. Niliona aibu ya kukaa kwenye benchi la kliniki kati ya watu. Na chini ya aibu kulikuwa na hofu, kwa sababu nilikuwa nimeshajipa majibu ya maabara kabla hayajatoka. Kitu kilichotolewa kilikuwa kibaya, niliwaza, na kimeacha ubaya wake ndani.

Wanawake wa kanisa la binti yangu walikuja kuniombea. Walikuwa watu wazuri, wamebeba chupa ya uji wa wimbi na ndizi, wakajibana kwenye kile chumba kidogo, wengine kwenye kitanda, wengine kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimejiweka kwenye kiti cha karibu na mlango ili upepo unipitie kwanza. Mmoja wao aliingia bafuni kunawa mikono kabla ya kupakua. Alinawa na maji ya moto, bila shaka, nani anawe ya baridi Eldoret. Aliporudi, harufu ilirudi naye. Niliona wawili wakitazamana. Mwingine aliinuka polepole, akasema chumba kina joto kidogo, akafungua dirisha. Chumba hakikuwa na joto hata kidogo. Wakaomba kwa sauti ya chini, mimi nikiwa nimebana magoti na macho, na sala yote sikusikia chochote isipokuwa lile dirisha.

Baada ya hapo nilianza kumfukuza binti yangu kwa ujanja. Akija kukaa kitandani kwangu jioni kabla ya chakula, nilimwambia amechoka akapumzike. Akitaka kunisaidia kuvaa, nilimwambia mimi si mtoto. Kuna siku aliniegemea begani kama alivyokuwa akifanya akiwa msichana, nami niliruka kana kwamba nimechomwa. Aliniangalia kwa uchungu sana. Alidhani nimekasirika kwa sababu ya eskyu, kumbe mimi nilikuwa namkinga.

Kisha ikaja siku ya taa. Taa ya bafuni ilikuwa imeungua, na mkwe wangu, kwa adabu yake, alingoja mpaka aone nimetoka nimekaa kwenye jua upande wa bustani ya sukuma wiki ndipo aingie kuibadilisha. Nilisikia maji yakifunguliwa, yakafungwa. Alitoka akiwa ameziba pua kwa kiganja. Hakujua nimesogeza kiti na ninamwona. Macho yetu yalikutana. Aliushusha mkono haraka kama mwanafunzi aliyekamatwa, akainamisha kichwa, akazunguka nyumba kwa hatua ndefu. Mimi nilibaki pale kwenye jua, na sitawahi kuona aibu kama ile tena. Binti akinusa mama yake, ni mtoto wangu, nimemwosha. Lakini mkwe. Nilitamani ardhi ya Elgon View ipasuke, hata na ua wake wa kifahari.

Jioni ile binti yangu aliniletea chakula, akasimama mlangoni akichezea funguo.

"Mama, maji iko sawa huku nyuma? Mzee ameniambia nikuulize."

Mzee ndiye mume wake. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba mkwe amenusa, na sasa anatuma watu kuuliza kwa heshima kama mama mkwe anaoga. Nilijinyoosha. Nilitoa ile sauti yangu ya gwaride la shuleni.

"Maji iko sawa kabisa," nikasema. "Mwambie asante."

Baadaye nilijua kwamba ujumbe ulikuwa umepunguzwa njiani. Mkwe alimwambia mkewe aulize kama maji yananuka. Binti yangu aliona swali hilo halina adabu kwa mgonjwa, na kwa kuwa mawakili hujua kupaka maneno mafuta, akaliosha likawa hilo nililoulizwa. Jibu langu akalirudisha lilivyo. Kwa hiyo yule mtu wa watu alikuwa amenusa maji yake mwenyewe, halafu mama mkwe akamjibu kwamba maji hayana neno. Angefanya nini? Kunikatalia ni kuniambia ninadanganya. Kuendelea kuuliza ni kuzungumzia kuoga kwangu. Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na tanki likaendelea kupasha.

Niliamua kurudi nyumbani kabla ya siku ya kliniki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nikakunja nguo zangu ndani ya begi, na binti yangu alipoleta chai nikamwambia kuku wangu wameachwa na mtu asiyejua kuku. Alisema kuku wanaweza kungoja, nyuzi bado, majibu bado. Nikamwambia majibu ninayajua. Aliweka kikombe chini. Aliniuliza ninayajua vipi, nani ameniambia, daktari amepiga simu? Nikamwambia mtu huujua mwili wake, na aniache. Alitoka akilia, kiatu kimoja kikimvuka pale kwenye majani, hakugeuka kukichukua.

Nilikaa karibu na begi langu. Nilisikia sauti zao upande wa jikoni, ya binti ya juu, ya mumewe ya chini. Halafu nikasikia nyayo zinakuja, nzito, na zikasimama nje ya mlango wangu uliokuwa wazi. Niliinua macho nikaona mgongo. Mkwe wangu alikuwa amesimama amenipa mgongo, anatazama sukuma wiki, mikono ameifunga nyuma.

"Mama," akasema.

"Niko."

"Naomba unisamehe kwanza. Nataka kusema kitu ambayo mimi sifai kukuambia."

Nilidhani amekuja kuniambia niende.

"Hiyo maji ya moto inanuka. Inanuka yai imeoza. Ile siku uliniona nimeziba pua, nilikuwa nimetoka kufungua bomba." Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka. "Ni maji, Mama. Si wewe."

Mtu angedhani nilifurahi. Kilichokuja kwanza ni hasira, kisha aibu mpya juu ya ile ya zamani, kwa sababu sasa alikuwa amelisema. Alijua nilichokuwa nafikiria juu ya mwili wangu. Walikuwa wamesimama jikoni na kuunganisha vipande, wakafika kwangu nikiwa uchi ndani ya bafu. Nilimuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu siku ya taa. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini alinyamaza. Akajibu bila kugeuka kwamba mimi nilisema maji iko sawa, na kwao pia mtu hambishii mama ya mke wake. Uongo ulikuwa wangu, na aliniokoa nao kwa kuutaja taratibu.

Halafu alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu nalo. Hakunitaka niamini maneno. Alikwenda bafuni na vikombe viwili, akavijaza, akaviweka kwenye ngazi ya mlango, akatembea mpaka kwenye ua wa miti akasimama huko akiangalia barabara. Nikainuka. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha baridi, nikakinusa: udongo kidogo, chuma kidogo, maji ya kisima tu. Cha pili kilikuwa cha moto. Yai bovu, lile lile, limekaa ndani ya kikombe cha bati cha watu, mbali na mwili wangu. Nilinusa moja, nikanusa jingine, nikarudia kama mtu asiyejua kusoma anayefundishwa herufi. Kisha nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti, na binti yangu akaja mguu mmoja peku akaniegemea, safari hii nikamwacha.

Mkwe alikwenda mjini kutafuta vifaa, akarudi mchana akiwa amepitia karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Stoo ni ndogo. Binti yangu alitakiwa alikumbatie tanki lisizunguke, na mtu wa tatu amulike tochi. Mkwe aliitazama tochi, akanitazama miguu. Nikaichukua kabla hajalazimika kuomba. Nilisimama karibu naye kuliko nilivyowahi kusimama tangu aoe, nikamulika.

Alizima umeme kwenye swichi kubwa, akafunga maji yanayoingia, akatoa mengine kwa mpira mpaka kwenye sukuma wiki. Juu ya tanki, chini ya kifuniko cha plastiki, kulikuwa na kichwa cha bolti kubwa. Kilikuwa kimeshika kweli. Aliingiza spana, akavisha mpini wake kipande kirefu cha bomba ili apate nguvu, akavuta. Tanki likazunguka na mtoto wangu kama wanacheza dansi. Nikamwambia binti aache kucheka na aweke goti ukutani, nikamwambia mkwe asivute kwa kushtua, avute kwa kukaza. Ualimu mkuu hauishi. Bolti ikalia, ikaachia.

Fimbo ilitoka kwa shida kwa sababu dari iko chini. Ilibidi aipinde akiitoa. Nilitarajia kitu cha kutisha. Ilikuwa waya mwembamba wa chuma, na juu yake mabaki ya madini ya kijivu yenye mashimo, yamevimba huku, yamekwisha kule, yamepakwa utelezi. Nikaomba nishike. Nikainusa, na ndiyo hiyo, adui yangu.

Nilimuuliza kazi yake ni nini. Alinijibu akiwa anaangalia tanki, lakini alinijibu mimi. Alisema inaitwa anodi. Hii ilikuwa ya magnesiamu, na inawekwa mle ndani iliwe. Maji hutafuta chuma cha kula. Yakiikuta anodi yanakula hiyo, yanaliacha tanki. Ikiisha, yanageukia tanki, na siku moja unaamka stoo imefurika. Ndiyo maana inatakiwa kufunguliwa kila mwaka, au hata ukichelewa usipitishe miaka miwili, uione imebaki kiasi gani. Kuhusu harufu, alisema baadhi ya maji ya visima yana salfa na vijidudu visivyodhuru mtu, na vikikutana na magnesiamu ndani ya maji ya moto yaliyolala, vinatoa gesi hiyo. Dawa ni kuua vijidudu kwa klorini, kusafisha tanki, na kuweka anodi ya aina nyingine, ya aluminiamu iliyochanganywa na zinki. Aliyoileta ilikuwa ya vipande vilivyounganishwa kama soseji, ili ipite chini ya dari.

Nikamuuliza hii ya zamani ilifunguliwa mara ya mwisho lini. Tochi ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo niliona shingo yake ikibadilika.

"Hatujawahi, Mama," akasema. "Huko Soy kila siku nawaambia watu wafungue zao. Yangu sijawahi."

Kumbe tulikuwa wawili. Yeye pia alikuwa ameibeba aibu yake siku zote zile, mtu wa maji ambaye mama mkwe wake anaogeshwa maji yaliyooza kwenye nyumba ya mfanyakazi. Nilitaka kumwambia neno zuri. Nikamwambia azungushe ile tepu nyeupe vizuri kwenye nyuzi za bolti kabla ya kufunga, ingawa alikuwa anafanya hivyo tayari.

Walitia klorini, wakaiacha ilale ndani ya tanki na mabomba, na Jumapili asubuhi mkwe akaimwaga yote na kusuuza mpaka akaridhika. Alijaza tanki mpaka bomba likaacha kukohoa hewa ndipo akawasha umeme, kwa sababu ukiwasha likiwa tupu unaunguza waya wa kupashia. Begi langu lilikuwa bado limekunjwa, lakini nilikuwa nimetoa taulo. Niseme hapa kwamba nilikwenda kliniki siku yangu, kidonda kilikuwa kizuri na majibu yalikuwa mazuri. Lakini asubuhi ile hatukuwa tumeyajua hayo, nikavua hivyo hivyo.

Nilichota. Mvuke ukapanda. Nilikuwa nimeshika kikombe na sabuni, bila uzi mwilini, nisithubutu kuvuta pumzi, niliposikia mtu anakohoa nje ya lile dirisha dogo la juu. Ni yeye. Hakumtuma mtu.

"Mama," akasema, na nilijua amegeukia ukuta wa jirani. "Maji iko aje?"

Kaka zangu walimfunza kijana yule mambo yote ambayo mkwe haulizi, na hilo lilikuwa la kwanza. Uso wangu uliwaka mpaka kifuani. Sikuwa na pa kujificha, hata taulo lilikuwa nyuma ya mlango. Jibu la zamani lilikuwa tayari kwenye ulimi, limenyooka, na sauti yake ya gwaride. Nikainama juu ya ndoo. Nikanusa vizuri, kama nilivyokuwa nikinusa kazini.

"Bado inanuka kidogo," nikamwambia.

"Sawa, Mama," akasema. "Ngoja nifungue tanki tena."